Mashine ya Holter yaweza kunasa maumivu ya moyo yanayojificha mchana

MAUMIVU ya kifua yanayomwamsha mtu saa tisa usiku, kisha yakatoweka kabla hajapata gari la kumfikisha hospitalini, ni miongoni mwa malalamiko yanayowatatiza sana wahudumu wa afya. Mgonjwa hufika kliniki kumekucha, akitembea mwenyewe na kupumua vizuri. Hupimwa presha, hupigwa picha ya kifua na kufanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, yaani elektrokadiogramu au ECG kama wengi wanavyoiita. Matokeo huwa safi. Hurudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo, na baada ya siku chache maumivu hurejea saa ile ile.

Sababu moja ya hali hiyo, ingawa si ya pekee, ni mkakamao wa ateri za moyo. Katika ugonjwa huu, mshipa unaoupelekea moyo damu hujibana ghafla kwa dakika chache, kisha ukalegea wenyewe. Ukishalegea, mara nyingi hauachi alama yoyote. Ndiyo maana kipimo kinachofanywa saa nne asubuhi huenda kisione kitu, hata kama saa saba kabla yake uhai wa mgonjwa ulikuwa hatarini.

Kwa wakazi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya, suala hili lina uzito wa kipekee. Eneo hilo lina baridi kali ya usiku na alfajiri, wengi huamka gizani kukama ng'ombe au kwenda mashambani, na upande wa Meru na Embu miraa na muguka hutafunwa kila siku. Isitoshe, maabara nyingi za kuchunguza mishipa ya moyo kwa kupitisha mrija zimejikusanya Nairobi, takriban kilomita 150 kutoka mjini Nyeri. Mashine ndogo inayovaliwa mwilini usiku kucha, iitwayo Holter, yaweza kumwonyesha daktari kile ambacho mgonjwa amekuwa akikieleza bila kuaminika.

Mshipa unaojibana

Moyo hupokea damu yake kupitia ateri zilizotanda juu ya misuli yake. Katika ugonjwa wa moyo unaofahamika zaidi, ateri hizo huziba polepole kwa mafuta yanayojijenga ndani ya kuta zake kwa miaka mingi. Mtu mwenye tatizo hilo huhisi kifua kikibana anapopanda mlima au kubeba mzigo mzito, na nafuu huja akipumzika. Sababu ni kwamba njia iliyo nyembamba haiwezi kupitisha damu ya ziada ambayo kazi imeidai.

Mkakamao huenda kinyume cha utaratibu huo. Ukuta wa ateri una misuli laini ambayo kwa kawaida hukaza na kulegea kulingana na mahitaji ya moyo. Kwa baadhi ya watu, misuli hiyo ni myepesi mno kukaza, na utando wa ndani wa ateri umepoteza sehemu ya uwezo wake wa kuilegeza. Ikichokozwa kidogo tu, ateri hujibana kama mpira wa maji uliokanyagwa. Damu hupungua au kukatika kabisa, na mgonjwa huhisi uzito kifuani akiwa amelala au ameketi bila kufanya kazi yoyote.

Vipindi hivyo kwa kawaida huchukua dakika chache, mara nyingi si zaidi ya 15, na hutokea zaidi kati ya saa sita usiku na mapambazuko. Vyaweza kuja mfululizo kwa majuma kadhaa kisha vikatulia kwa miezi. Mgonjwa huweza kuwa mtu wa umri wa makamo asiye na kisukari wala mafuta mengi katika damu. Aidha, mkakamao waweza kutokea katika ateri iliyo safi, au katika ile ambayo tayari ina mafuta.

Hatari ya mkakamao haipimwi kwa ukubwa wa maumivu pekee. Damu ikikatika, umeme wa moyo waweza kuvurugika, moyo ukapiga ovyo au ukasimama kwa sekunde kadhaa, na mtu akazimia. Ateri ikibaki imebana kwa muda mrefu, sehemu ya misuli ya moyo hufa. Baadhi ya vifo vya ghafla vya usiku huanzia hapo.

Kutoka begi la mgongoni hadi kifaa cha mfukoni

Mwaka wa 1959, daktari Myron Prinzmetal wa Los Angeles, Marekani, pamoja na wenzake walieleza kwa kina aina ya maumivu ya kifua yasiyofuata kanuni iliyokuwa ikifundishwa. Wagonjwa wao waliumwa wakiwa wamepumzika, na mchoro wa umeme wa moyo ulibadilika kwa namna tofauti na ile iliyozoeleka. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake. Prinzmetal alidhani kwamba ateri hukaza, lakini wakati huo hakukuwa na njia rahisi ya kulithibitisha hilo.

Wakati huo huo, katika mji wa Helena, jimbo la Montana, mwanasayansi Norman Holter alikuwa akishughulikia swali jingine: je, moyo unafanya nini mtu anapoendelea na shughuli zake? Chombo chake cha kwanza, kilichobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kilikuwa mzigo wa mgongoni wenye uzito wa takriban kilo 38, kikirusha mawimbi ya moyo kwa njia ya redio. Mwaka wa 1961 alichapisha katika jarida la Science maelezo ya njia mpya ya kurekodi moyo kwa muda mrefu na kuzipitia rekodi hizo kwa haraka. Mashine zote za aina hiyo leo hubeba jina lake.

Katika miaka ya 1970, Attilio Maseri na wenzake mjini Pisa, Italia, waliwafuatilia wagonjwa mfululizo kwa mitambo na kuona jambo lililobadilisha fikra za wengi. Kabla ya maumivu kuanza, mapigo ya moyo na presha ya damu havikuwa vimepanda. Maana yake ni kwamba moyo haukuwa umedai damu zaidi. Damu yenyewe ndiyo iliyokatwa. Picha za mishipa zilizopigwa wakati wa maumivu zilionyesha ateri ikiwa imejibana. Nchini Japani, ambako ugonjwa huu huonekana zaidi kuliko katika nchi za Magharibi, Hirofumi Yasue na wenzake walionyesha kwamba ateri za wagonjwa hao hukaza kwa urahisi asubuhi na mapema kuliko alasiri. Mgonjwa aliyeweza kukimbia mchana bila shida aliweza kuumwa kwa mwendo mdogo wa alfajiri.

Jinsi mashine inavyofanya kazi

Mashine ya Holter ya kisasa hutoshea mfukoni au huning'inizwa shingoni. Vibandiko vyenye nyaya hubandikwa kifuani, na kila kimoja hunasa umeme mdogo unaozalishwa na moyo unapopiga. Kwa saa 24 au 48, na wakati mwingine kwa wiki nzima, kifaa huhifadhi kila pigo. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku; kwa hiyo rekodi husomwa kwanza na programu ya kompyuta, kisha mtaalamu akapitia sehemu zilizotiliwa shaka.

Si kila mashine inafaa kutafuta mkakamao. Nyingi zimeundwa kuhesabu mapigo na kunasa yale yanayokwenda mrama, na kwa kazi hiyo njia mbili au tatu za kurekodi hutosha. Mkakamao hubana ateri moja au tawi lake, na athari yake huonekana kwenye upande mmoja tu wa moyo. Mashine inayoangalia moyo kutoka pande chache yaweza kuukosa. Ndiyo sababu mashine yenye njia 12, sawa na ECG ya kawaida ya hospitalini, ndiyo bora inapopatikana. Muda nao una uzito wake: mgonjwa anayeumwa kila usiku huenda akanaswa kwa saa 24, ilhali anayeumwa mara moja kwa wiki anahitaji siku zaidi.

Kuna pia vibandiko vidogo visivyo na nyaya vinavyokaa kifuani hadi siku 14. Hivi ni vyepesi na humwacha mtu aoge na kufanya kazi, lakini vingi hurekodi kwa njia moja tu. Husaidia sana kumchunguza anayezimia au ambaye moyo wake hupiga ovyo, lakini uwezo wake wa kuonyesha upungufu wa damu ni mdogo.

Kinachotafutwa kwenye mchoro

Kila pigo la moyo huacha mchoro wenye vilima na mabonde. Baada ya kilele kirefu kuna sehemu fupi, iitwayo ST, ambayo kwa kawaida hukaa sawa na mstari wa chini. Misuli ya moyo ikikosa damu, sehemu hiyo hupanda au kushuka. Kupanda huashiria kwamba ateri imebana kabisa au karibu kabisa; kushuka huashiria kwamba damu imepungua bila kukatika yote. Mabadiliko ya angalau milimita 1 kwenye karatasi ya ECG, yaani milivolti 0.1, katika njia mbili zinazopakana ndiyo hutiliwa maanani.

Msomaji wa rekodi hujiuliza maswali matatu. Kwanza, je, mabadiliko yalikuja na kuondoka yenyewe ndani ya dakika chache? Pili, je, moyo ulikuwa umeanza kwenda mbio kabla yake? Ikiwa haukuwa umeongeza kasi, dalili huelekea kwenye mkakamao. Ikiwa ulikuwa ukienda kasi kwa sababu ya kazi au hofu, huenda tatizo ni ateri iliyoziba kwa mafuta. Tatu, je, saa ya mabadiliko inalingana na saa ambayo mgonjwa aliandika kwamba aliumwa?

Swali hilo la tatu lina mtego wake. Vipindi vingi vya mkakamao havileti maumivu hata kidogo. Mgonjwa aliyelala fofofo aweza kuamka akisema usiku ulikuwa shwari, kumbe rekodi inaonyesha kwamba ateri ilibana mara kadhaa. Hapo ndipo mashine inaposhinda maelezo ya mdomo.

Hata hivyo, mashine nayo yaweza kudanganya. Kujigeuza kitandani kutoka chali hadi ubavuni huweza kubadilisha mchoro na kuleta taswira ya ugonjwa usiokuwapo. Fundi makini humlaza mgonjwa chali, kisha ubavu wa kushoto na wa kulia, na kurekodi kila hali kabla ya kumruhusu aende nyumbani, ili msomaji awe na cha kulinganisha. Vibandiko vilivyolegea kwa jasho huleta mikwaruzo inayofanana na ugonjwa.

Vipi kuhusu saa za mkononi?

Tangu mwaka wa 2018, saa za mkononi zenye uwezo wa kuchora umeme wa moyo zimeenea madukani, na jamaa walio ng'ambo huwatumia wazazi wao kama zawadi. Saa hizo hurekodi njia moja kwa takriban sekunde 30, pale tu mvaaji anapoigusa kwa kidole cha mkono wa pili. Zimesaidia kugundua mapigo yasiyo na mpangilio, lakini hazikuundwa kutambua shambulio la moyo wala mkakamao. Taa ndogo zilizo chini ya saa huhesabu mapigo kwa kuangalia mwendo wa damu chini ya ngozi ya mkono. Hazioni ateri za moyo.

Kwa hiyo saa ikimwambia mtu kwamba moyo wake u sawa wakati kifua kinambana, asitulie. Ilivyoelezwa hapo juu, mapigo huweza kubaki ya kawaida kabisa wakati ateri imejikunja. Mchoro uliohifadhiwa wakati wa maumivu waweza kumfaa daktari kama kidokezo cha ziada, lakini hauchukui nafasi ya ECG kamili.

Baridi, alfajiri na miraa

Vichochezi vya mkakamao vinajulikana, na kadhaa vinapatikana kwa wingi katika eneo la Mlima Kenya. Cha kwanza ni baridi. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Nanyuki uko juu zaidi. Kati ya Juni na Agosti, ukungu na manyunyu huwafanya wakazi washinde ndani ya makoti. Baridi ya ghafla hukaza mishipa ya mwili, na kwa mwenye ugonjwa huu hukaza pia ile ya moyo. Kutoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye zizi la ng'ombe saa kumi na moja alfajiri, au kunawa maji baridi, ni mambo ya kawaida ambayo kwa mgonjwa huangukia saa mbaya zaidi ya siku.

Cha pili ni tumbaku, ambayo ndiyo kichochezi kikuu kinachoweza kuepukwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa wakitumia tumbaku, na wanaume walikuwa wengi zaidi kuliko wanawake. Mvutaji wa sigara mwenye mkakamao huongeza hatari yake kila anapowasha.

Cha tatu ni miraa. Mmea huu ni uti wa mgongo wa uchumi wa Igembe na Tigania, na muguka, ambao ni jamii yake, hulimwa sana Mbeere. Majani mabichi yana kathinoni, kemikali inayofanana kwa athari na amfetamini. Kemikali hiyo hupungua nguvu siku chache baada ya kuchumwa, na ndiyo sababu magari ya miraa huondoka Maua kwa kasi inayotisha. Kathinoni huongeza presha, huharakisha mapigo na hukaza mishipa ya damu. Tafiti zilizofanywa Yemen na kuchapishwa katika miaka ya 2000 zilionyesha kwamba watafunaji walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo. Pia zilionyesha kwamba mashambulio yao yalielekea kutokea mchana na jioni, saa za kutafuna, badala ya alfajiri. Mkakamao wa ateri ni mojawapo ya maelezo yanayotolewa na watafiti.

Hivyo basi, daktari wa Meru au Embu anapaswa kuuliza habari za miraa bila kumkaripia mgonjwa, na mgonjwa aseme ukweli bila aibu. Mtafunaji akivaa mashine ya Holter, aandike saa alizotafuna kama vile angeandika saa alizokunywa dawa.

Vichochezi vingine ni kokeini, unywaji wa pombe kupita kiasi, mfadhaiko mkubwa, kuhema kwa kasi kutokana na hofu, na baadhi ya dawa za kipandauso.

Kabla ya kuvaa mashine

Mafanikio ya kipimo hutegemea mgonjwa kama yanavyomtegemea fundi. Ngozi ya kifua husafishwa na nywele kunyolewa ili vibandiko vishike. Mtu aoge kabla, kwa kuwa mashine nyingi za nyaya hazipaswi kulowa. Baada ya hapo aendelee na maisha yake ya kila siku: akame ng'ombe, apande ngazi, alale kitanda kile kile. Anayejifungia nyumbani kwa kuogopa kuharibu kifaa huleta rekodi ya siku isiyo yake.

Jambo la pili ni daftari. Kila dalili iandikwe pamoja na saa, alichokuwa akifanya, na muda ambao dalili ilidumu. Hapa kuna kosa dogo linaloweza kupotosha kipimo kizima. Wakazi wengi huhesabu saa kwa mtindo wa Kiswahili, ilhali mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mgonjwa akiandika tu kwamba aliumwa "saa kumi", msomaji aweza kutafuta saa nne usiku badala ya saa kumi alfajiri na asione kitu. Mgonjwa na fundi wakubaliane mapema, na kila saa ifuatwe na neno alfajiri, mchana, jioni au usiku. Mwenye shida ya kuandika amwombe jamaa amsaidie, au abonyeze kitufe cha mashine kila anapohisi dalili.

La tatu ni dawa. Baadhi ya dawa za presha ndizo zile zile zinazotibu mkakamao, na mtu anayezitumia aweza kuwa na rekodi safi kwa sababu dawa inafanya kazi. Uamuzi wa kuendelea nazo au kuzisimamisha wakati wa kipimo ni wa daktari peke yake. Kuziacha kiholela kwaweza kuchochea mkakamao mkali.

Pale ambapo hakuna mashine

Hospitali za rufaa za kaunti na zile za misheni, kama vile Consolata Mathari mjini Nyeri, Tumutumu karibu na Karatina na Chogoria katika Tharaka Nithi, ndiko wagonjwa wengi wa eneo hili hufika kwanza. Mashine ya Holter isipopatikana mara moja, bado kuna njia. Mgonjwa anayeumwa karibu kila usiku aweza kulazwa, na ECG ya kawaida ikawekwa kando ya kitanda. Muuguzi huiwasha dakika ile maumivu yanapoanza, humpa mgonjwa nitrogliserini chini ya ulimi kulingana na maagizo ya daktari, kisha hurudia kipimo maumivu yakipungua. Michoro miwili, mmoja wa wakati wa maumivu na mwingine wa baada ya nafuu, yaweza kuwa na thamani kuliko siku nzima ya rekodi ya mashine duni.

Gharama nayo haiwezi kupuuzwa. Nyeri ilikuwa mojawapo ya kaunti nne zilizoteuliwa mwaka wa 2018 kwa majaribio ya mpango wa afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, na ilichaguliwa kwa kuwa ina mzigo mkubwa wa magonjwa yasiyoambukiza. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya hazina ya NHIF. Ni vyema mgonjwa aulize hospitalini, kabla ya kuvaa mashine, ni sehemu gani ya kipimo italipiwa na ipi ataitoa mfukoni.

Rekodi safi si hukumu

Mashine ya Holter ina kikomo kimoja ambacho kila mgonjwa anapaswa kukifahamu. Ikinasa mabadiliko pamoja na maumivu, imesaidia sana. Isiponasa kitu, haijathibitisha kwamba mtu hana ugonjwa. Huenda ateri haikubana usiku ule. Kurudia kipimo, au kurefusha muda wake, si kupoteza pesa iwapo dalili zinaendelea.

Kikundi cha wataalamu wa kimataifa kilichopendekeza vigezo vya utambuzi mwaka wa 2017 kilitaja nguzo tatu: maumivu yanayopungua haraka kwa dawa za naitreti, mabadiliko ya ECG wakati wa maumivu, na ushahidi wa ateri kubana inapopigwa picha. Mwenye nguzo ya kwanza na ya pili, yaani aliyenaswa na ECG au Holter na kupata nafuu kwa naitreti, aweza kutambuliwa kuwa na ugonjwa huo bila kuchokozwa ateri yake katika maabara. Uchokozi huo hufanywa kwa kuingiza asetilikolini au ergonovini kwenye ateri kupitia mrija, na huhitaji wataalamu waliobobea kwa sababu una hatari zake. Hata hivyo, uchunguzi wa mishipa bado huhitajika ili kujua kama kuna sehemu iliyozibwa na mafuta. Hapo ndipo safari ya kwenda Nairobi, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Aga Khan, Mater au kwingineko, inapopata maana.

Kwa nini jina la ugonjwa lina uzito

Yupo atakayeuliza kwa nini pawe na haja ya kutofautisha magonjwa yote haya ya kifua. Jibu liko kwenye dawa. Mkakamao hutibiwa kwa dawa za kuzuia kalsiamu isiingie kwa wingi kwenye misuli ya ateri, kama vile amlodipini, nifedipini ya kufanya kazi polepole au diltiazemu. Nyingine hutumiwa kwa kawaida kutibu presha na hupatikana kwa urahisi. Kwa wagonjwa wengi huleta nafuu kubwa, na mara nyingi humezwa jioni ili zilinde saa za alfajiri.

Kwa upande mwingine, propranolol, dawa inayotolewa kwa mapigo ya kasi, presha na kipandauso, yaweza kuuzidisha mkakamao. Mgonjwa aliyetajiwa ugonjwa usio wake aweza hivyo kupewa dawa inayomdhuru kwa nia njema. Nitrogliserini ya chini ya ulimi hulegeza ateri haraka, lakini aliyetumia dawa za nguvu za kiume kama sildenafil hapaswi kuitumia, kwani presha yaweza kuporomoka.

Hakuna kidonge kitakachomfaa mgonjwa asiyeacha sigara. Mwenye mkakamao anashauriwa pia kuepuka miraa, kujifunika vizuri alfajiri, na kuanza kazi nzito baada ya jua kuchomoza iwezekanapo.

Wakati wa kutosubiri

Mashine ya Holter ni ya maumivu yanayokuja na kuondoka. Si ya dharura. Maumivu ya kifua yanayozidi dakika 15, yanayoandamana na jasho jembamba, kukosa pumzi, kutapika au kuzimia, au yanayosambaa hadi mkono na taya, yanamtaka mtu akimbizwe hospitalini mara moja, hata kama usiku ni wa manane na hata kama amevaa mashine. Familia iwe imeshajua mapema ni gari la nani litakaloitwa.

Kwa yule ambaye maumivu yake hutoweka kabla ya mapambazuko, ushauri ni kurudi kwa daktari akiwa na maelezo kamili: saa, muda, baridi, sigara, miraa na kilicholeta nafuu. Kisha aulize swali moja waziwazi: je, moyo wangu umewahi kupimwa saa ile unayouma? Kama jibu ni la, basi uchunguzi wake haujakamilika.